Slaidi 41 kwa dakika 20

SWALI: Mimi ni mhadhiri msaidizi wa uchumi hapa Dodoma na ninasoma shahada ya uzamivu. Makala yangu kuhusu stakabadhi ghalani na bei ya korosho mkoani Mtwara imekubaliwa kwenye mkutano wa mwaka wa CSAE, kile kituo cha uchumi wa Afrika cha Chuo Kikuu cha Oxford, mwezi Machi. Sijawahi kutoka nje ya Afrika Mashariki. Nimepewa dakika 20 pamoja na maswali, nami nina slaidi 41, nimekuambatishia. Msimamizi wangu anasema hii ni heshima kubwa. Mke wangu anauliza kama heshima hiyo inalipa ada ya shule. Nijiandaeje, na hivi kweli mikutano hii ina faida yoyote zaidi ya kupiga picha?

JIBU: Mwalimu mwenzangu, hongera. Nianze na swali la shemeji, kwa kuwa ndilo zito kuliko mengine yote. Mwambie hapana, heshima hailipi ada. Ukienda Oxford kutafuta heshima utarudi na begi la kitambaa lenye nembo, kitambulisho cha kuning'iniza shingoni na picha mbele ya jengo la kale ambalo mkutano wenyewe haukufanyika humo. Nenda ukatafute pingamizi. Makala yako ina tundu ambalo hapa nyumbani hatukulisema, ama kwa kukuheshimu, ama kwa sababu sote tumezoea habari za korosho mpaka tunaruka hatua zilezile unazoziruka wewe. Kule watakuwapo watu wasiojua AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, ni nini. Hao ndio wa kukufaa.

Nijuavyo mimi, mkutano wenyewe uko hivi. CSAE ni kituo kilichoasisiwa miaka ya 1980 na Paul Collier, na undugu wake na Tanzania ni wa tangu mwanzo: mwaka 1986 Collier alitoa kitabu kuhusu kazi na umaskini vijijini kwetu, akiwa na Samir Radwan na Profesa Samuel Wangwe wetu. Kwa miaka mingi mkutano umekuwa ukifanyika katika koleji ya St Catherine's, barabara ya Manor, mtaa mmoja na jengo la idara ya uchumi. Usitegemee minara na mawe ya karne ya 13. Koleji hiyo ni ya miaka ya 1960, ilichorwa na Arne Jacobsen wa Denmark, yote vioo na zege. Mtu aliyesomea Mlimani hatajiona mgeni sana.

Vikao vinaenda sambamba, yaani saa ileile vyumba kadhaa vina makala tatu tatu au nne nne, na watu wanatembea na ratiba mkononi wakichagua pa kuingia. Hapo ndipo tofauti na AERC ya Nairobi, ule muungano wa utafiti wa uchumi wa Afrika, ambako nadhani ndiko ulikolelewa kama wengi wetu. Kwenye warsha za AERC, zile za Juni na Desemba, unaanza na pendekezo, wanalichana, unarudi na kazi iliyofika katikati, wanaichana tena, na mara nyingi wakongwe walewale wanakufuatilia mpaka ripoti ya mwisho. Ni shule. Oxford hakuna wa kukufuatilia. Unapata dakika zako mara moja, mtu anasikia au hasikii, kisha anaenda kunywa chai.

Sasa tuje kwenye slaidi zako. Nimezipitia zote, na nilipofika ya 23 ilibidi nisogeze uso kwenye kioo cha kompyuta. Ina jedwali la safu tisa, nyota zimetapakaa kama mchele uliomwagika, na namba unayotaka tuione iko safu ya saba, mstari wa nne. Wewe unaijua ilipo. Aliyekaa kiti cha nyuma, aliyefika jana usiku na bado ana usingizi, ataitafuta mpaka utakapohama slaidi.

Futa slaidi ya pili, ile ya mpangilio wa wasilisho. Hakuna aliyewahi kukumbuka mpangilio. Slaidi ya 3 hadi ya 11 umeeleza historia ya ushirika nchini, sheria ya stakabadhi za maghala ya mwaka 2005, mfumo ulivyoingia kwenye korosho msimu wa 2007/08, na nukuu tatu za viongozi. Hayo yote yatoshe slaidi moja, tena iwe picha: mkulima anapeleka gunia AMCOS, linapimwa, linapelekwa ghala kuu, linapangwa daraja, anapewa stakabadhi, siku ya mnada wanunuzi wanashindana kwa bei, fedha zinarudi kupitia chama, baada ya makato. Mishale sita. Mtu wa Kanada aliyezoea ngano ataelewa kwa nusu dakika.

Jumla usizidi slaidi 12. Najua inauma, mimi pia iliniuma.

Kwenye mkutano wangu wa kwanza Ulaya, ambao sitautaja, niliwekwa kikao cha mwisho siku ya mwisho. Chumbani tulikuwa na wasikilizaji sita: wawasilishaji wenzangu wawili, mwenyekiti, rafiki wa mmoja wa wawasilishaji hao, kijana aliyekosea chumba akaona aibu kutoka, na mama mmoja aliyekaa karibu na dirisha. Mwenyekiti aliwaachia wale wawili waongee walivyotaka, nikabakiwa na dakika saba. Nilikuwa na slaidi 38. Niliishia ya 9, kabla ya matokeo. Nikarudi kiti changu nikiwa nimenuna kama niliyenyimwa mirathi. Wakati wa chai yule mama akanifuata, akanitaka nimwonyeshe majedwali, akaweka kidole kwenye idadi ya kaya na kuuliza mbona inaongezeka kati ya mzunguko wa kwanza na wa pili. Nilikuwa nimezihesabu mara mbili kaya zilizogawanyika baada ya vijana kuoa. Msimamizi wangu hakuliona hilo kwa miaka miwili, wala mimi. Nauli yangu ililipwa pale, kwenye meza ya biskuti.

Kwa hiyo matokeo yaje ndani ya dakika tatu za mwanzo. Sisi tumezoea kupanda mlima kwanza ndipo tuonyeshe bahari: utangulizi, mapitio ya machapisho, nadharia, mbinu, na matokeo kama zawadi kwa waliovumilia. Wachumi hawana uvumilivu huo. Waambie mapema umegundua nini, halafu muda uliobaki uwape sababu za kukuamini.

Kuna mazoezi ninayowapa wanafunzi wangu. Yupo mtafiti, David Evans, ambaye pamoja na wenzake amekuwa na desturi ya kupitia makala za CSAE, na za NEUDC ule wa vyuo vya kaskazini-mashariki mwa Marekani, na kuieleza kila makala kwa sentensi moja au mbili. Jifanye wewe ndiye yeye. Andika sentensi hiyo mwenyewe kabla mwingine hajakuandikia vibaya. Chukua mfano wa Stefan Dercon, jina utakalolisikia sana CSAE. Mwaka 1998 alichapisha makala kuhusu ufugaji wa Tanzania magharibi, kule Usukumani, na ukiniamsha usiku nitakuambia inasema nini: ng'ombe analipa, lakini hauzwi vipande vipande, kwa hiyo maskini anabaki kwenye shughuli zenye faida ndogo kwa kukosa pa kuanzia. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaielewa, na shangazi yako Shinyanga ataitikia kwa kichwa. Ya kwako ni ipi?

Ulivyoandika kwenye ikisiri ni kwamba mfumo "umeongeza bei ya mkulima". Hapa ndipo lile tundu lilipo, nami nitalijadili kwa kirefu ili likukute nyumbani kabla halijakukuta ugenini.

Bei uliyoitumia ni ya mnada. Mkulima wa Tandahimba haweki mfukoni bei ya mnada. Kuna ushuru wa halmashauri, kuna sehemu ya chama kikuu na ya AMCOS, usafiri, ghala. Kisha kulikuwa na suala la lini: malipo ya kwanza, malipo ya pili, na majaliwa, yaani nyongeza ya mwisho, yakijaliwa. Unakumbuka vurugu za Liwale mwaka 2013, wakulima walipolipwa pungufu ya walichotarajia. Bei ilikuwepo kwenye karatasi. Mtu wa chumba kile hataijua Liwale, lakini atakuuliza swali lenyewe: hii ni bei ya nani, na analipwa lini? Ukijibu "data zilizopo ni za mnada" umeshindwa. Ukiwa na slaidi ya akiba inayoonyesha makato kwa kilo moja, mstari kwa mstari, kwa AMCOS mbili tu ulizopata vitabu vyake, umesimama imara.

La pili ni zito zaidi: kangomba. Nimetafuta neno hilo katika makala yako yote, kurasa 46, halimo. Wewe na mimi tunajua kwamba mwezi wa nane, korosho bado maua, mzazi anayedaiwa ada au mwenye mgonjwa anauza mavuno yake kwa mtu wa kangomba kwa bei ya kutupa. Msimu ukifika, korosho zile zinaingia ghalani kwa jina la aliyenunua, au kwa jina la mkulima lakini fedha zikiwa za mwingine. Mnada unaziona kilo, haumwoni aliyezilima. Basi bei ya mnada inaweza kupanda, na jedwali lako likapanda nayo, ilhali ongezeko lote limeishia kwa mnunuzi wa kangomba. Aliye maskini zaidi amejitoa kwenye data zako kabla hujaanza kuhesabu. Hilo si dosari ya kuficha kwenye tanbihi. Mimi naliona kuwa ndiyo makala yenyewe. Ukisimama Oxford ukasema, "Neno la leo ni kangomba, nitawaeleza ni nini na kwa nini takwimu za serikali haziwezi kuliona," chumba kizima kitainua kichwa kutoka kwenye simu.

Na msimu wa 2018/19 umeutupa nje kwa maelezo kwamba "haukuwa wa kawaida". Kweli haukuwa. Msimu uliotangulia bei ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Oktoba 2018 wakulima wakakataa bei za minada ya mwanzo, na Novemba Rais Magufuli akaamua serikali inunue zote kwa shilingi 3,300, jeshi likabeba. Lakini kumbuka: kabla ya kulipa, wahakiki walipita kuuliza nani ana shamba na nani ni kangomba. Kwa mara moja serikali ilijaribu kuhesabu kile ambacho mnada hauoni. Iwapo kumbukumbu za uhakiki ule unaweza kuzipata hata kwa kata chache, nenda Mtwara kabla ya kwenda Uingereza.

Utaulizwa pia, na hili huulizwa kila mtu, umejuaje kwamba ni mfumo uliosababisha na si kitu kingine. Bei ya dunia ilikuwaje? India na Vietnam walinunuaje mwaka ule? Kwa nini wilaya hii ilianza kabla ya ile? Hili la tatu ndilo watakalokung'ang'ania. Kama wilaya zilizoanza mapema ndizo zilizokuwa na vyama imara tangu awali, basi umepima uimara wa vyama. Usikasirike ukiulizwa kwa ukali, wala usianze na "swali zuri sana". Unapoteza sekunde na hakuna anayeamini. Jibu kwa ufupi, au sema, "Hapo sina jibu, ningependa tuongee baadaye," kisha uandike jina lake. Na mpe rafiki yako mmoja, hata uliyekutana naye asubuhi ileile, kazi ya kuandika kila swali linaloulizwa. Ukiwa umesimama mbele hutakumbuka hata moja.

Jambo litakalokushangaza ni jinsi wanavyoijua Tanzania kwa sehemu moja. Watafiti wa maendeleo wengi wanaijua Kagera kuliko wanavyoijua Dar es Salaam, kwa sababu ya ule utafiti wa kaya ulioanza mwaka 1991 na kuwafuatilia watu walewale tena mwaka 2004 na 2010, hata waliohamia mbali. Ndiko yalikotoka matokeo ya Beegle, De Weerdt na Dercon kwamba matumizi ya waliohama yaliongezeka kwa pointi 36 za asilimia zaidi ya waliobaki. Utakutana na mtu ambaye hajawahi kukanyaga Bukoba lakini anakuambia kijiji cha Nyakatoke kilikuwa na kaya 119 na kila moja iliulizwa inamtegemea nani. Usione vibaya. Ni mlango: mwambie Mtwara haijapata Nyakatoke yake.

Ndiyo maana nakusihi ufanye kazi ya watu kabla ya kupanda ndege. Ratiba ikitoka, chagua watu watano, si wakubwa tu, ambao makala zao zinagusa yako: mazao ya biashara, ushirika, mikopo ya msimu. Waandikie barua pepe ya mistari minne. Mimi ni fulani, nawasilisha hiki siku fulani, nimesoma makala yako na nina swali hili, tunaweza kunywa kahawa dakika 15? Watatu watajibu. Mtu mkubwa atakuwa amezungukwa, na utapoteza mapumziko mawili ukisubiri zamu kama kwa mganga maarufu. Mwanafunzi wa uzamivu wa chuo kingine, anayehangaika na data za kakao au kahawa, atakaa nawe saa nzima, na baada ya miaka kumi huenda ndiye atakayekuwa mhariri wa jarida.

Uliuliza faida. Nimekuambia ya kwako binafsi. Nikupe na moja ya taifa, haraka. Mwaka 1984 Idara ya Uchumi na ERB, ile ofisi ya utafiti wa uchumi pale Mlimani, ziliendesha warsha ya sera za uchumi, na makala zake zilihaririwa na Lipumba, yule wa CUF unayemjua, pamoja na Msambichaka na Wangwe. Wakati huo kutamka hadharani kwamba shilingi ishushwe thamani kulikuwa karibu na kutukana. Juni mwaka uleule ilishushwa hadi 17 kwa dola. Juni 1986 hadi 40, na Agosti tukasaini na IMF. Sisemi warsha ndiyo iliyoshusha shilingi. Nasema hoja zilikuwa zimeshapigwa nyundo na watu wetu wenyewe, ndani ya ukumbi wa chuo, kabla hazijafika mezani kwa Waziri. Benno Ndulu naye aliongoza AERC kwanza, ugavana wa Benki Kuu ukaja mwaka 2008. Wanaobishana ukumbini leo ndio hao.

Mambo madogo sasa. Viza ya mgeni ya Uingereza inaombwa mtandaoni, kisha alama za vidole Dar. Unaweza kuomba miezi mitatu kabla ya safari, na usingoje zaidi ya hapo. Barua ya mwaliko peke yake haitoshi: weka barua ya mwajiri inayosema una ruhusa na kazi inakusubiri, taarifa za benki za miezi sita, na maelezo ya nani analipa nini. Fedha zisiingie kwenye akaunti ghafla wiki ya mwisho. Wanaliona hilo kama sisi tunavyoona nambari iliyopikwa. Ukiwa huna mfadhili, waandikie waandaaji mapema uulize kama kuna msamaha wa ada ya ushiriki au msaada wa nauli. Kuuliza si kuomba sadaka. Kuhusu Kiingereza chako, nusu ya chumba itakuwa ya watu ambao si lugha yao pia. Ongea taratibu, maliza sentensi. Fanya mazoezi mara tatu na saa mezani, mara moja mbele ya shemeji. Akisinzia kwenye slaidi ya tano, ifute hiyo.

Na Machi kule bado ni baridi ya kuuma masikio. Usinunue koti Oxford, utalia. Siku unayoshuka Dar kwa treni kwenda kutoa alama za vidole, pitia Karume, chagua koti zito la mtumba lenye mifuko mirefu ya ndani. Kwenye mfuko mmoja weka karatasi kumi zenye picha ile ya mishale sita upande mmoja na makato ya kilo moja upande wa pili, kwa ajili ya atakayekukamata kwenye chai.